Raba Nyeupe za Yustina

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bibi Anastasia alisikiliza nyayo za mjukuu wake.

Nyayo zilianzia mlangoni. Zilipita kando ya migomba, zikashika njia ya magari, zikapotea kwenye ukungu kuelekea bondeni. Bibi alipuliza moto, akabandika sufuria, akavunjia mdalasini ndani ya chai. Chai ilipochemka, nyayo zilirudi. Zilikuwa nyepesi na sawasawa, kama za mtu anayetwanga bila kuchoka.

"Leo umefika wapi?" Bibi aliuliza.

"Mpaka darajani, Bibi! Shikamoo."

"Marahaba. Siku hizi shikamoo inakuja baada ya daraja?"

Yustina alicheka huku anahema. Babu Ignas akatoka ndani akijinyoosha.

"Mwache mke wangu mdogo," alisema. "Wewe mkubwa, kwenda kisimani tu unapumzika njiani."

"Basi huyo mdogo ndiye akupikie leo," Bibi alijibu. "Tuone utakula saa ngapi."

Waliishi Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru. Walilima ndizi, machungwa, pilipili manga na karafuu kidogo. Judith, mama yake Yustina, alikuwa fundi wa cherehani kule Mazimbu, Morogoro mjini. Yustina alikuwa amemaliza kidato cha nne, naye akakaa na wazee kuwasaidia shamba.

Kukimbia kwake kulikuwa na sababu. Kabla ya Pasaka alipata ujumbe kwenye simu. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa askari wa kulinda msitu, msitu ule ule ulio juu ya kijiji chao, unaotoa maji yao ya kunywa. Tangu utoto Yustina alitamani kazi hiyo. Aliijua mito na njia za huko kama anavyojua vyumba vya nyumba yao. Lakini usaili ulianza na mbio. Atakayeshindwa mbio angerudi nyumbani kabla hajaulizwa swali hata moja. Na nafasi kama hiyo haiji kila mwaka.

Bibi aliliona tatizo moja mapema. Yustina alikuwa akikimbia na viatu vyake vya shule. Soli ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo wa samaki.

"Babu yako anapeleka machungwa mjini kesho," Bibi alisema asubuhi moja. "Kaa hapa nikupime."

Yustina akakaa kwenye kigoda. Bibi akaupakata mguu wake, akachukua ufito mwembamba wa mpera. Akapima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Pale kidole kilipoishia, akakata. Hivyo ndivyo alivyopima miguu ya watoto wake wote. Asiyeweza kushuka mjini alituma kijiti, na kijiti kikamletea kiatu.

Kesho yake jioni Babu alirudi na mfuko. Akatoa raba za mtumba, nyeupe pee, zenye mstari wa buluu.

"Zilikuwa juu kabisa ya fungu," alisema kwa fahari. "Hata muuzaji alinisifu kwa kuchagua."

"Kijiti kiliingia?" Bibi aliuliza.

"Kiliingia kama panga kwenye ala yake. Halikubaki hata pengo la sisimizi."

Yustina alizivaa. Alisimama, akanyamaza kidogo. Bibi alikiona kile kimya, akadhani ni furaha.

"Zinakutosha?"

"Zinatosha, Bibi. Asante, Babu. Asanteni sana."

Yustina alijua kwamba Babu alishuka mjini akitaka kujinunulia viatu vya mpira vya shambani. Alikuwa amerudi bila viatu vyake. Angewezaje kusema kwamba raba zinambana?

Basi hakusema.

Wiki zilipita. Bibi aliendelea kusikiliza asubuhi, lakini nyayo hazikuwa zile. Mguu mmoja ulikanyaga kwa nguvu, mwingine ulikanyaga kwa woga. Yustina alianza kufua soksi zake mwenyewe na kuzianika nyuma ya nyumba. Jioni alikaa akisugua miundi yake, ule mfupa wa mbele chini ya goti.

"Unaumwa?" Bibi aliuliza.

"Nimechoka tu, Bibi."

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, chai ilichemka na kupoa. Nyayo hazikurudi. Bibi alitoka hadi barabarani. Kwa mbali aliwaona watu wawili wanakuja pamoja. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akienda shambani, alikuwa amemshika Yustina kiunoni. Yustina alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja. Jembe la yule mama lilikuwa limeachwa huko huko njiani, na kikapu chake pia. Wema ule Bibi hakuusahau.

"Ameteleza mteremkoni," yule mama alisema. "Mguu umejikunja kwa ndani."

Bibi alifanya kile alichofanyiwa na mama yake. Alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa. Akamkanda mjukuu wake kifundo cha mguu na maji ya moto. Kisha akauchua mguu kwa mafuta, kwa nguvu, huku Yustina akiuma pindo la kanga. Jioni akamkanda tena.

Kulipokucha, mguu ulikuwa umevimba kama boga. Yustina alijaribu kuukanyagia, akashindwa. Bibi alipomvua soksi ya mguu wa pili ili alinganishe, alishtuka. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Kisiginoni palikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Na haya ni ya lini?"

Yustina akaanza kulia. "Raba ziliniuma tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Babu aliacha kununua viatu vyake kwa ajili yangu. Ningesemaje?"

Babu Ignas alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yote. Aligeuka, akatoka nje, akapiga simu ya bodaboda.

*

Hospitalini mjini, Judith alikuwa ameshafika. Daktari alibonyeza mifupa ya kifundo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Alipoambiwa kwamba Yustina hawezi kukanyaga, aliagiza mguu upigwe picha. Bibi alisubiri kwenye benchi akishika rozari mkononi. Alikuwa akifikiria jambo moja tu. Usaili ulikuwa umebakiza mwezi mmoja na nusu.

"Mfupa haujavunjika," daktari alisema aliporudi. "Nendeni chumba cha mazoezi tiba."

Ndani ya chumba hicho walimkuta mama mmoja wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Aliitwa Mwanaheri. Kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kutumia viungo vyao tena. Alimsalimu Bibi kwa shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye kistuli. Kisha akauinua mguu wa Yustina taratibu, akaupumzisha juu ya mto.

Bibi hakuweza kungoja.

"Mwanangu, niambie ukweli. Mguu huu utakimbia tena?"

"Utakimbia, mama. Siyo kesho, wala siyo wiki hii. Lakini utakimbia."

Bibi alishusha pumzi ndefu hadi Judith akamshika bega.

"Kilichoumia ni kano," Mwanaheri aliendelea. "Ni kama kamba zinazoshika mfupa na mfupa. Mguu ulipojikunja, kamba hizo zilivutwa sana, nyingine zikachanika kidogo. Mlipofika nyumbani mliuwekea nini?"

Judith alimtazama mama yake. Bibi akatazama chini.

"Maji ya moto," alisema. "Na chumvi. Kisha nikauchua."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zangu zote, mwanangu. Nilitaka apone upesi."

Mwanaheri hakumkaripia. Alitabasamu. "Mama yangu naye alinikanda hivyo hivyo. Nawe mama, wewe ni mkulima, sivyo? Ukipanda mche leo, kesho unautikisa uone kama umeshika?"

"Nautikisa wa nini? Si nitaikata mizizi?"

"Basi na kano ziko hivyo. Siku za mwanzo ndani ya mguu kunavuja damu. Moto unaongeza uvimbe. Kuchua kunazivuta zile kamba zinazotaka kushikana. Siku za mwanzo tunatumia baridi."

"Baridi!" Bibi alishangaa. "Mgonjwa nimtie baridi?"

"Baridi, mama. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isiguse ngozi yenyewe. Kama robo saa hivi, kisha utoe. Rudia mara chache kwa siku. Kusipokuwa na barafu, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya baridi kinasaidia."

"Maji ya mtoni kwetu yanauma kama barafu," Yustina alisema.

"Hayo hayo. Ukilala, mguu uwe juu ya mto, juu kuliko kifua. Ufungwe bandeji inayovutika, isibane mno. Vidole vikiwa baridi au vikafa ganzi, legeza. Na uupumzishe. Lakini mtu akishindwa kabisa kukanyaga, au mfupa ukiuma ukiubonyeza, au mguu umepinda, asikae nyumbani. Aje hospitali, kama mlivyokuja."

Mwanaheri akaanza kufunga bandeji. Bibi aliifuata mikono yake kwa macho, akijifunza.

"Sasa nionyesheni hizo raba," Mwanaheri alisema.

Judith alizitoa kwenye mfuko. Mwanaheri aliziweka juu ya meza, visigino vikiwaelekea.

"Tazameni kwa nyuma. Mnaona nini?"

Bibi aliinama. "Zimelala upande. Kama ukuta unaotaka kuanguka."

"Aliyezivaa mwanzo alizilaza. Soli imelika upande wa ndani. Anayezivaa sasa analazimishwa kukanyaga kama yule wa kwanza." Akaikunja raba moja. Ilikunjika katikati kama chapati. "Raba nzuri ya kukimbilia hukunjika hapa mbele, pale vidole vinapokunjika. Ikikunjika katikati, imechoka. Kwa nje inang'aa, ndani imechoka."

"Babu yake alipenda ule weupe," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi ningeupenda! Na saizi mlipimaje?"

Bibi alieleza habari ya kijiti. Mwanaheri alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia Yustina auweke mguu wake mzima sakafuni akiwa bado amekaa. Akamwomba Bibi aweke kidole chake mbele kidogo ya kidole gumba cha Yustina.

"Sasa mwanangu, nishike, usimamie mguu huo huo mzima."

Yustina alisimama kwa kujishikiza. Bibi akatoa sauti ya mshangao. Kidole gumba kilisogea mbele, kikamgusa.

"Umerefuka!"

"Mguu ukibeba mwili hurefuka na kupanuka. Jioni huwa mkubwa kuliko asubuhi. Na mtu akikimbia kuteremka mlima, mguu husukumwa mbele. Kijiti chako kilipima mguu uliokaa, asubuhi, haujabeba kitu. Tena kijiti kinajua urefu tu, mama. Upana hakiujui."

"Kwa hiyo vidole vilikuwa vinagonga ukuta kila hatua," Judith alisema.

"Ndiyo maana ukucha ukawa mweusi. Huo ukucha msiung'oe. Utasukumwa na mwenzake unaoota chini yake. Kucha zikatwe fupi, kwa kunyooka. Na lengelenge likitokea siku nyingine, usilipasue. Ile ngozi ni kifuniko. Osha kwa maji na sabuni, funika kwa kitambaa safi, upumzike. Hili lililopasuka tutalisafisha sasa. Likianza kutoa usaha, njooni."

Kisha Mwanaheri akamgeukia Yustina. "Na miundi, inauma?"

Yustina alishtuka. "Umejuaje?"

"Mazoezi uliyaongezaje?"

"Nilianza na kwenda kisimani. Wiki iliyofuata nikaenda mpaka darajani. Kila siku. Nilikuwa naogopa muda unaisha."

"Na ilipouma?"

Yustina alimtazama Bibi kwa hofu. "Nilikuwa nameza vidonge vya maumivu, ndipo nakimbia."

"Yesu na Maria!" Bibi alisema.

"Kidonge kinanyamazisha maumivu, hakitengenezi mguu," Mwanaheri alisema kwa upole. "Maumivu yalikuwa yanakuomba upunguze. Miundi huuma hivyo mtu akiongeza mbio haraka haraka, na kwa kiatu kibovu. Wengi hupona wakipunguza. Ila kama pangekuwa na sehemu moja tu kwenye mfupa inayouma sana, hata ukiwa umelala, hilo lingekuwa jambo jingine. Ungehitaji daktari. Sasa nikuulize. Unaweza kuniahidi jambo moja?"

"Jambo gani?"

"Kikiuma, useme. Hata kama aliyekupa kiatu ni mfalme."

Yustina alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Nitasema, mama."

"Na usaili?" Bibi aliuliza. "Atawahi?"

Mwanaheri alifikiri kidogo. "Siwezi kuahidi. Nikisema ndiyo, nitakuwa nawadanganya. Lakini mguu wa kijana hupona vizuri ukiheshimiwa. Tukianza leo, inawezekana."

Neno hilo lilimtosha Bibi. Alilibeba moyoni njia nzima hadi Mazimbu. Inawezekana.

*

Yustina alibaki nyumbani kwa mama yake. Bibi naye akabaki. Jirani mwenye friji aliwaletea barafu kwenye bakuli, asubuhi na jioni, bila kuombwa mara ya pili. Bibi aliifunga kwenye kipande cha kanga, akaiweka mguuni kwa uangalifu, huku akitikisa kichwa.

"Mama yangu angeniona leo, angesema nimerukwa na akili," alisema.

Lakini uvimbe ulianza kushuka. Bibi aliuona ukishuka. Mfupa wa kifundo, uliokuwa umepotea, ukaanza kuonekana tena. Siku hiyo Bibi alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani yake.

Maumivu yalipopungua, Mwanaheri aliwapa zoezi la kwanza. Yustina alikaa kwenye kiti na kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu.

"Andika jina lako," Bibi alimwambia.

Yustina akaandika. Mguu ulizunguka polepole, juu, chini, ndani, nje. Bibi naye akavua ndala, akaandika la kwake. Alipofika katikati akakwama, akashika kiuno.

"Anastasia ni jina refu mno kwa mguu wa kizee," alisema. "Wangeniita Ana tu."

Judith alicheka hadi akasimamisha cherehani.

Baadaye Yustina alianza kutembea. Halafu akafundishwa kusimama kwa mguu mmoja, ule ulioumia, karibu na ukuta ili asianguke. Alifanya hivyo akipiga mswaki. Alifanya hivyo akisubiri maji yachemke. Kisha akasimama kwenye ngazi ya mlango, akawa anainua visigino na kuvishusha taratibu. Mwanzoni mguu ulitetemeka. Kila siku ulitetemeka pungufu ya jana, hadi ukatulia.

"Ukiweza kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu," Mwanaheri alisema, "hapo tutafikiria kukimbia. Na hapo mtahitaji raba."

*

Walikwenda kwenye mitumba alasiri, wakati miguu imeshapanuka. Yustina alivaa soksi zile zile za kukimbilia. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Frank, ambaye raba zake zilikuwa zimepangwa juu ya turubai.

"Karibuni! Bibi, nikupe hizi nyeusi? Zitakufanya uwe binti wa miaka ishirini."

"Nilishakuwa. Nilichoka," Bibi alijibu. "Namtafutia huyu, ana mbio za usaili wa kazi."

Bibi akachuchumaa, akaanza kazi. Alichukua raba moja, akaiweka juu ya kipande cha ubao, akainama kuitazama kwa nyuma. Akaiweka kando. Akachukua nyingine, akaikunja. Ilikunjika katikati. Kando. Ya tatu aliingiza mkono ndani, akapapasa kama kuna mashimo ya vidole vya mwenye nayo wa zamani. Kando. Akageuza soli, akapitisha kidole, akatafuta palipolika.

Frank alisimama, mikono kiunoni. "Bibi, unanunua raba au mbuzi?"

"Mbuzi ningefungua na mdomo nione meno."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mwanamke mmoja akarudisha chini raba aliyokuwa ameishika, akaanza kuitazama kwa nyuma.

"Ona sasa," Frank alisema. "Unanifundishia wateja!"

Hata hivyo alichimba ndani ya gunia lake, akatoa jozi kadhaa nzuri zaidi. Jozi moja ilikuwa ya waridi, inang'aa. Bibi aliikagua. Ilisimama wima. Ilikunjika mbele. Yustina akavaa zote mbili, akafunga kamba, akasimama.

Bibi alimtazama usoni. Alikiona tena kile kimya cha siku ile.

"Sema," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema, mwanangu."

"Zinabana, Bibi. Hapa pembeni, kwenye kidole kidogo."

Bibi akapiga makofi. Frank akamshangaa.

"Zinabana, halafu unafurahi?"

"Nimefurahi mno, baba. Huijui furaha yangu. Lete nyingine."

Frank akaitoa jozi ya mwisho kwa kusitasita. Ilikuwa ya kijani kibichi, yenye madoa ya njano.

"Hizi hazipati mtu," alisema. "Rangi yake kama chura."

"Chura anaruka vizuri," Bibi alisema. "Lete."

Yustina alizivaa. Alisimama. Bibi alibonyeza mbele na kukuta nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya vidole na ncha ya raba. Alianza na mguu wa kulia, kwa sababu ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kushoto. Kisigino hakikucheza. Vidole viliweza kujitanua ndani. Yustina alikimbia hadi mwisho wa kichochoro na kurudi.

"Vipi?"

"Bibi, sisikii kitu!" Yustina alisema. "Yaani ni kama sijavaa."

"Basi hizo ndizo."

Frank akazifunga kwenye mfuko, akaongeza kamba za akiba bila kuombwa. "Hiyo zawadi ya mguu," alisema. "Ukipata kazi, uniletee wenzako."

*

Yustina hakurudia mbio zake za zamani. Alianza kwenye barabara tambarare ya Mazimbu. Alitembea kidogo, akakimbia kidogo, akatembea tena. Siku moja mazoezi, siku moja mapumziko. Kila wiki aliongeza kidogo tu, na milima aliiacha kwa mwisho. Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, aliuzungusha mguu na kuusikiliza.

Asubuhi moja alitoka chumbani na uso mzito.

"Bibi, umevimba tena kidogo. Na unauma. Jana niliongeza sana. Nilimwona dada mmoja anakimbia, nikataka kumpita."

Moyo wa Bibi ulishtuka, lakini alijizuia. Alimsogezea kiti na mto. "Ulimpita?"

"Nilimpita."

"Basi umeshinda. Sasa lala, ulete mguu."

Yustina alipumzika hadi uvimbe ukaisha. Akarudia mazoezi ya wiki iliyopita. Safari hii hakumeza kidonge, wala hakuficha soksi. Baada ya siku chache alikimbia tena, na mguu ukanyamaza.

Siku ya usaili Babu Ignas alishuka kutoka Kinole kwa gari la alfajiri, na mfuko wa machungwa. Alipoziona raba za Yustina alisimama akizitazama.

"Mungu wangu. Hizo ndizo mlizochagua wenyewe?"

"Zinanikaa vizuri, Babu," Yustina alisema. "Zile nyeupe ziliniumiza. Ilinipasa kukuambia siku ile ile. Nisamehe."

"Unisamehe wewe," Babu alisema. "Nilinunua kwa macho." Akamshika kichwa kama kumbariki.

Vijana walijipanga uwanjani. Filimbi ilipulizwa. Wengine walitoka kwa kasi kubwa. Yustina alitoka taratibu, mabega yamelegea. Bibi alisimama nyuma ya kamba akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Mzunguko wa kwanza, Yustina alikuwa nyuma. Uliofuata, alikuwa katikati. Kwenye kona palikuwa na tope la mvua ya usiku. Msichana aliyekuwa mbele yake aliteleza. Yustina naye mguu ukateleza, ule ule ulioumia. Bibi akafumba macho.

"Amesimama," Babu alisema. "Anastasia, fumbua macho. Mguu umeshika. Anakimbia!"

Bibi alifumbua. Raba za kijani zilikuwa zinapita mbele yake, zimejaa tope, zinakwenda. Yustina alivuka mstari kabla ya muda kuisha, wasichana wengi wakiwa nyuma yake. Aliinama, akashika magoti. Kisha akageuka, akarudi hadi kwenye kona, akamsaidia yule msichana aliyeteleza kutembea. Bibi aliona hilo pia.

Waliovuka mstari kwa wakati waliitwa kuhojiwa. Ilipofika jioni, afande mmoja akatoka na kusoma majina ya waliochukuliwa. Aliyasoma polepole mno kwa moyo wa bibi kizee. Jina la Yustina lilikuwa karibu na mwisho.

Babu akavua kofia. Judith akaruka kama mtoto. Bibi alikaa chini kwenye nyasi.

Afande alimtazama Yustina. "Wewe, milima ya huku unaiweza?"

Kutoka uwanjani Uluguru ilionekana yote, ya buluu, na mawingu yamekaa mabegani mwake. Yustina alinyoosha mkono.

"Kwetu ni kule, afande, nyuma ya lile wingu."

Afande alitazama alikoonyesha. "Basi Jumatatu uje na viatu vyako," alisema. "Utapanda kwenda kwenu."